Mlinzi wa langoni hatoshi

Ukiingia dukani Nyali au hotelini Diani, mlinzi hukupitishia kifaa cha kukagua chuma, huchungulia mkoba, kisha hukwambia upite. Tumeshazoea, na wengi wetu tunaona hiyo ndiyo kinga yenyewe. Mimi sioni hivyo.

Alfajiri ya 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa, walinzi wa langoni ndio waliouawa mwanzo. Kikosi maalumu cha Recce kilitoka Nairobi na kufika baada ya saa nyingi. Hadi jioni, watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi. Funzo lake ni chungu: kabla msaada haujafika, uhai wako uko mikononi mwako na mwa yule aliye karibu nawe.

Siku kumi baadaye, transfoma ililipuka kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakajirusha madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia wakajeruhiwa, na hapakuwa na mshambuliaji hata mmoja. Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi. Watu wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Wakaruka kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Hofu isiyo na maandalizi huua, na zoezi la kushtukiza nalo huua. Zoezi litangazwe mapema, liende kwa utulivu, na milio ya risasi haina haja.

Mambo yenyewe si mengi. Ukisikia risasi na njia ipo, kimbia, uache mizigo. Njia ikiwa haipo, jifungie, zima taa, nyamazisha simu, kaa mbali na mlango. Kupambana ni pale ambapo huna njia nyingine kabisa. Polisi wakifika, inua mikono mitupu wala usiwakimbilie, kwani hawajui wewe ni nani. Na aliyejeruhiwa akivuja damu, bana jeraha kwa nguvu kwa leso au shati usiachie. Damu inayomwagika huua kwa dakika chache.

Lakini kimbia wapi? Hapa ndipo penye ugonjwa wetu Wapwani. Majengo yetu yana nondo kila dirisha na mlango mmoja wenye kufuli. Mwaka 1998, wasichana 26 wa Shule ya Sekondari ya Bombolulu, Kwale, waliungua bwenini, milango imefungwa na madirisha yana nondo. Ule ulikuwa moto, lakini mtego ni uleule. Tunaogopa mwizi kuliko kifo, tukajifungia pamoja nacho.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa wa usalama hawapendi kulisikia. Kujiandaa si kumpekua kila mwenye kanzu au buibui huku wengine wakipita. Kijana anayedhalilishwa langoni kila siku hatakuja kukupasha habari akiona jambo la kutilia shaka mtaani. Usalama wa Pwani umesimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana kukivunjika hakuna kifaa cha kukukinga.

Basi wazee wa kamati za misikiti na makanisa, walimu wakuu, wenye hoteli, nawaombeni jambo moja lisilohitaji mfadhili wala semina. Wiki hii lizungukeni jengo lenu. Hesabuni milango ya kutokea. Ulizeni ufunguo wa mlango wa nyuma anao nani, na usiku analala wapi. Likikosekana jibu, anzieni hapo.