Mheshimiwa Meya, zilinde mita 60 za mafunjo yetu

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Mwanza,

YAH: NJIA YA KUTAZAMA NDEGE UFUKWENI MWA ZIWA VICTORIA



Hapa Luchelele vuli imeshika na wageni wetu wamefika. Kitwitwi ametua tena juu ya jiwe wanapofulia kina mama, anatingisha mkia bila kutulia, anadonoa wadudu penye unyevu. Ametoka kaskazini, akavuka jangwa la Sahara, na ataondoka masika yakianza. Jioni, wadudu wa ziwani wakipanda juu ya maji kama moshi, mbayuwayu huwapitia kwa makundi hadi giza linapoingia. Mdiria, yeye ni mwenyeji, husimama hewani akipigapiga mbawa, kisha hujitupa majini mdomo ukitangulia. Akimpata furu, humgonga mara mbili tatu kwenye jiwe ndipo ammeze.

Wote hawa hupata riziki kwenye ukingo huu wa ziwa, penye ukanda wa mafunjo. Mwaka jana niliutembea kwa njia ya wavuvi tangu alfajiri. Mwaka huu, njia ileile, nimekuta mafunjo yamefyekwa na kifusi kimemwagwa hadi majini. Nilisimama pale nusu saa, nisisikie hata mlio mmoja.

Mheshimiwa, sheria mpya haihitajiki. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na mafunjo si kichaka cha kusafishwa. Huzuia tope na taka ambazo mvua huzishusha kutoka milimani, nao samaki wadogo hujificha humo. Anayeyafukia anafukia kitoweo cha jirani yake.

Tazama Mabamba, Uganda, kwenye ziwa hilihili. Kinamasi kile kiliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2006. Wavuvi walikuwa wakimwona korongo nyangumi, ndege wa kinamasi hicho, kuwa ni nuksi. Leo wapo wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama, na ndiyo riziki yao. Sisi tuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane tangu mwaka 2013, nasi tunajivunia. Lakini kwenda huko ni boti na kiingilio, na mtoto wa Mkuyuni hana hela hiyo.

Naomba mambo matatu. Mpaka wa mita 60 uwekewe alama ambazo kila mwananchi ataziona. Nyuma ya mafunjo ipite njia ya miguu, ya udongo tu, isiyo na malipo. Na kila Oktoba, Siku ya Ndege Wahamao Duniani inapoadhimishwa, wanafunzi wetu waletwe wawaone ndege hawa kwa macho yao.

Kitwitwi hajui kifungu cha 57. Anachojua ni jiwe lake na unyevu wa pembeni yake. Vuli ijayo atarudi, Mheshimiwa. Naomba avikute.

Wako katika ujenzi wa Jiji letu,
Mkazi wa Luchelele