Habari za Unga Ziwe za Kweli

Sultan Hamud, mji wa Makueni wenye jina la Sultani wa Unguja aliyetawala 1896 hadi 1902, upo katika njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Malori hupita, na uvumi hupita nao: ati aliyezidiwa na unga huamshwa kwa maziwa au maji ya chumvi. Uvumi huo waua.

Naona, ndugu wasomaji, twahitaji tovuti ya Kiswahili, iandikwe na matabibu pamoja na waliokwisha kuacha. Ieleze kwamba unga pamoja na pombe huzima pumzi. Aliyezidiwa alazwe ubavu, apelekwe hospitali upesi. Ieleze methadoni, itolewayo Malindi tangu 2015, inavyotuliza arosto. Na isimwite mtu “teja”: anayetukanwa hujificha, akafia mafichoni. Aielewe dereva aliyelala Sultan Hamud kama mama wa Kibokoni.

Wako watakaosema kueleza ni kufundisha haramu. Sivyo. Ulevi wenyewe uliharamishwa kwa daraja, watu wakifahamishwa. Kuhifadhi roho na akili ni katika makusudio ya sharia. Kunyamaza hakuhifadhi chochote.