Ujongezo ni wa Nani?

Aliyesoma mashairi ya Kithaka wa Mberia hahitaji kuambiwa kwamba nafasi tupu katika ukurasa hubeba maana. Waundaji wa programu za kompyuta nao wamezozana kwa miongo kuhusu nafasi hiyo: je, mstari wa msimbo ujongezwe kwa kitufe cha Tab au kwa nafasi za kawaida?

Wanaoudhani mzozo huu kuwa wa kitoto hawajaiona Python, lugha ambamo ujongezo ni sarufi hasa, kwani ndio unaobainisha kauli ipi imo ndani ya ipi. Mwongozo wake wa mtindo, PEP 8 wa mwaka 2001, unapendekeza nafasi 4. Lugha ya Go, kinyume chake, imechagua Tab.

Watetezi wa nafasi hushikilia kwamba msimbo utaonekana vilevile katika kila kompyuta. Hapo ndipo penye ila. Nafasi 4 ni 4 kwa kila msomaji, apende asipende, ilhali upana wa Tab huamuliwa na anayesoma. Mwenye uoni hafifu aliyekuza herufi anaweza kuupunguza. Kwa kipofu asomaye kwa vidole hali ni nzito zaidi: katika kifaa cha breli chenye seli 40, viwango 3 vya ujongezo wa nafasi humeza seli 12 kabla ya neno la kwanza, Tab 3 zaweza kuchukua seli 3 tu.

Mradi wenye desturi yake na uifuate, maana kuchanganya alama hizo mbili ni balaa (Python 3 yenyewe hukataa mchanganyiko wenye utata). Ule unaoanza leo, hata hivyo, hauna udhuru wa kumsahau msomaji huyo.