Daftari la Upande Mmoja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyotuusia wazee wetu, nasi watu wa pwani, wana wa wafanyi biashara, twaufahamu vyema usia huo. Lakini liko daftari linaloandikwa upande mmoja tu, na hilo nalo hupoteza mali.

Tutazame kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilichoanza kazi mwaka 1974. Kilikuwa fahari ya nchi. Misonobari iliingia upande huu, karatasi zikatoka upande wa pili, na watu wengi wakapata riziki. Hayo yote yaliandikwa katika daftari la fedha.

Yasiyoandikwa ni mengine. Palipopikwa vipande vya miti kwa dawa palitoka harufu ya salfa iliyoenea mji mzima. Mabati ya nyumba yakaliwa na kutu. Maji machafu yakateremka Mto Nzoia, unaomimina maji yake katika Ziwa Viktoria. Je, nani aliyelipa? Alilipa mwenye nyumba aliyenunua bati jipya, na mama aliyeteka maji mtoni.

Mtu atasema, angalau fedha zilipatikana. Zilipatikana, kisha zikakatika. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa kwa kulemewa na madeni, mji ukapooza, na mwaka 2016 kikauzwa kwa shilingi milioni 900. Sisemi kuwa moshi ndio uliokiangusha. Nasema kuwa siku ya kufunga hesabu, wenyeji walibakiwa na hasara mbili: kazi hawana, na mabati yao yameoza.

Wala tusidhani hayo ni mambo ya bara tu. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kwa miaka mingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, hata serikali ikapiga marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982. Aliyehesabu korija za boriti hakuwahesabu samaki wanaozaliana mizizini.

Rai yangu ni hii. Kampuni yoyote inayokula msitu, isomapo hesabu yake ya mwaka, itaje faida iliyopata, kisha itaje miti iliyopanda, hali ya mto iliouchafua, na hewa wanayovuta majirani. Jirani naye ana haki yake. Mizani yenye kitanga kimoja haipimi kitu.