Tunamwombea Nani?

Kila mara nchi yetu ya Kenya inapotikisika, husikika wito ule ule: tufunge na kuomba. Tuliusikia baada ya uchaguzi wa 2007, na tumeusikia tena tangu maandamano ya Juni 2024, ambapo makumi ya watu waliuawa, wengi wao vijana. Sina ugomvi na wito huo. Mimi ni Mkristo, na naamini kwamba Mungu husikia. Swali langu ni moja tu: tunapopiga magoti, tunamwombea nani?

Historia yetu yapasa kututia adabu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo kuokoa maisha yao, wengi wao wanawake na watoto. Ghasia za majuma yale ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Haya hayakutokea katika nchi isiyojua kusali. Makanisa yetu yalikuwa yakifurika kila Jumapili. Mwezi uliofuata, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na hivyo wakashindwa kuukabili msiba wenyewe. Mimi hulielewa ungamo hilo hivi: maombi yalikuwepo, ila kila madhabahu iliwalilia watu wake.

Mfano ulio kinyume na huo tunao kwa jirani zetu wa Burundi. Vita vilivyoanza huko 1993 vilipokuwa vikiendelea, walezi wa Seminari Ndogo ya Buta waliwafundisha wanafunzi wao, Wahutu kwa Watutsi, kuzungumza waziwazi juu ya chuki iliyotanda nje ya kuta za shule. Tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliingia bwenini na kuwaamuru wajitenge kwa makabila. Vijana walikataa. Wanafunzi 40 waliuawa. Ujasiri huo haukuzaliwa usiku ule. Ulilelewa siku baada ya siku, katika kusali, kusoma na kula pamoja. Saa ya hatari ilipofika, hapakuwa na mpaka wa kuwatenganisha.

Baadhi ya wanafunzi wangu huniambia kwamba maombi ya kitaifa ni dawa ya usingizi kwa wanyonge. Siwezi kuwapuuza. Maombi yakiitishwa na wale wanaodaiwa majibu, nao wasijibu, huwa pazia la kufunika damu. Manabii wa Agano la Kale waliwakemea vikali waliotangaza amani mahali pasipokuwa na amani. Huruma ya Kikristo haimwondolei muuaji hatia yake, wala haimtaki mama aliyefiwa anyamaze ili sisi wengine tulale vizuri. Kuomba amani huku tukikwepa kuuliza ni nani aliyefyatua risasi ni kumfanya Mungu mshirika wa uongo wetu.

Lakini nawajibu wanafunzi hao pia kwamba hasira isiyo na huruma haitatufikisha mbali. Katika mfano wa Msamaria mwema, aliyejeruhiwa hakuulizwa kabila wala chama kabla ya kufungwa vidonda. Anayedai haki kwa ajili ya wafu wa upande wake pekee, akafurahia msiba wa familia ya askari aliyeuawa kazini, anaandaa kisasi kijacho. Haki na huruma ni ndugu wa tumbo moja. Ukimfukuza mmoja, mwenzake hatakaa.

Tunaelekea uchaguzi wa 2027, na maneno makali yameshaanza kusikika majukwaani. Pendekezo langu kwa makanisa yetu ni dogo. Kabla ya kuliombea taifa kwa jumla, tuwasome waliokufa katika misukosuko hii kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine: waandamanaji, wapita njia na askari. Tusichague ya kusoma kwa kuangalia kabila. Kisha twende tukazitembelee familia zao, hata zile ambazo siasa zetu zinatukataza kuzikaribia.

Siku tutakapoweza kuyatamka majina hayo yote bila sauti zetu kubadilika, tutakuwa tumeanza kuomba.