Umbali kwa Kipimo cha Nani?

Wako wasomi wasemao kuwa Kiswahili kiko mbali mno na hisabati ya juu, na kwamba atakaye kuyaeleza mambo hayo kwa lugha yetu apoteza wakati wake. Nalikataa neno hilo, nami nawauliza swali moja: mbali kwa kipimo gani?

Tutazame safari ya Iringa hadi Mbeya. Ndege arukaye moja kwa moja hupita kilomita 280 hivi. Gari lishikalo barabara kuu, likapitia Mafinga na Makambako, likateremka ukingoni mwa Usangu na kupanda tena Uyole, hupita kilomita 330 hivi. Mwenye kupima kwa reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, hana jibu hata kidogo, maana reli ile yapita Makambako na kufika Mbeya, lakini Iringa haifiki. Miji ni ile ile, wala milima haikuhama. Kilichobadilika ni kipimo.

Bernhard Riemann alilifanya jambo hili kuwa elimu katika mhadhara wake wa mwaka 1854 huko Göttingen. Manifoldi, yaani uwanda uliopinda ambao kila kipande chake kidogo hufanana na uwanda bapa, haizaliwi na umbali wake. Umbali huwekwa juu yake kwa kanuni iitwayo metriki, na manifoldi moja yaweza kubeba metriki zisizo na idadi. Waliomfuata walikwenda mbele zaidi. Walizikusanya metriki zote za manifoldi moja, wakaifanya kila metriki kuwa nukta katika nafasi mpya, kisha wakauliza umbali baina ya kipimo na kipimo. David Ebin aliichunguza nafasi hiyo katika makala yake ya mwaka 1970. Mwaka 2010 Brian Clarke alithibitisha kuwa, kwa kipimo cha Ebin, metriki mbili zisizo sawa daima zina umbali uzidio sifuri.

Msomaji asidhani uthibitisho huo ulikuwa kazi bure. Mwaka 2005 Peter Michor na David Mumford walionyesha kuwa kipimo cha jamii hiyo hiyo, kikitumiwa kwa maumbo, huyapa yote umbali wa sifuri: duara na umbo la ndizi huhesabiwa kana kwamba hayatofautiani. Kipimo chaweza kuwa na sura ya haki, kisipambanue lolote.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Shule zetu nyingi za msingi hufundisha hisabati kwa Kiswahili. Sekondari huifundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Mafinga au Chimala ajuaye pembe na umbali, lakini asiyeweza kulisoma swali, hupata sifuri sawasawa na yule asiyejua kitu. Tumempima lugha, nasi twatangaza kuwa tumempima akili. Kisha wenzetu vyuoni huitwaa sifuri ile na kuifanya ushahidi kwamba Kiswahili hakifai.

Watasema istilahi hazipo. Je, Waingereza walilitoa wapi neno la jiometri, ila kwa Wayunani? Nasi tulizitoa wapi hesabu na hisabati, ila kwa Waarabu? Kuazima neno si aibu. Aibu ni kukaa miaka na miaka bila kuliazima, kisha kulilaumu ghala kuwa ni tupu.

Iringa haikukosa reli kwa kuwa ardhi yake ni duni. Ilikosa kwa sababu reli haikulazwa. Ndivyo ilivyo lugha yetu. Kila mwalimu wa hisabati aandike japo sura moja kwa Kiswahili, na kila mwalimu wa Kiswahili aketi naye waisome pamoja. Na atakayesema tena kuwa tuko mbali, sharti ataje kwanza kipimo chake, na nani aliyekichagua.