Ufahamu: jibu limo kwenye habari

Mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatamaliza elimu ya msingi kwa pamoja nchini Tanzania, kutokana na mtaala mpya ulioanza 2024. Nafasi za shule za bweni kama Ilboru na Kilakala, zinazochukua wenye alama za juu, zitagombewa na wengi zaidi.

Katika mtihani wa Kiswahili, ufahamu huonekana rahisi. Maswali ya kichwa cha habari au funzo yanataka kufikiri, lakini ya nani, wapi na lini majibu yake yameandikwa palepale. Hapo ndipo mtoto wa mkulima hunaswa. Tuseme habari inaeleza kwamba mkulima alipanda mahindi baada ya mvua ya pili, jirani yake baada ya mvua ya kwanza. Swali: mkulima alipanda lini? Mtoto ambaye kwao hupandwa mvua ya kwanza anachagua hiyo. Kwenye machaguo ipo, na kwenye habari ameiona. Anakosa kwa sababu anajua kilimo!

Mzazi, hata kama hukusoma sana, mpe gazeti lililofungia maandazi akusomee. Muulize nani, wapi, lini. Akijibu, mwambie akuonyeshe mstari wenyewe.